Mgongo wa Sidi

Joram Garama alimwona Sidi mgongo kabla hajamwona uso. Asubuhi hiyo alikuwa amekwenda Mariakani kutafuta ekseli ya lori kuukuu, na njia ya kwenda kwa wauza vyuma chakavu ilipita nyuma ya kiwanda kidogo cha maziwa. Kwenye mlango wa kupakilia alisimama mwanamke aliyejifunga leso kiunoni, akiinua kreti za maziwa mbili mbili na kuzisukuma ndani ya gari. Wanaume aliokuwa akifanya nao kazi walibeba moja moja. Kila alipoinua, mgongo wake ulipanuka chini ya fulana, bega hadi bega, kisha ukashuka na kutulia. Joram alisimama pale mpaka gari likajaa. Ekseli aliisahau. Ilimbidi arudi Mariakani wiki iliyofuata, na safari hiyo hata hakujisumbua kutafuta kisingizio.

Joram alikuwa fundi wa kuchomelea, na karakana yake ilikuwa Mtondia, si mbali na mji wa Kilifi. Nyuma ya karakana alikuwa amejenga jimu: paa la bati, sakafu ya saruji, benchi tatu, na vyuma alivyovitengeneza mwenyewe kwa ekseli za malori na gia za matrekta. Yeye mwenyewe hakuwa na umbo la kutajwa. Alinyanyua vyuma miaka kumi, na mwili wake ukakataa katakata kuongezeka. Alichojaliwa ni jicho. Mtu akivua shati tu, Joram angemwambia bega lipi limelala na paja lipi linadai kazi zaidi, na vijana wa Kilifi walimwamini kuliko kioo.

Alimwoa Sidi kwao, juu ya Kaloleni, mbele ya mamake, mjane aliyelima mahindi na mihogo. Mama huyo alimtazama mkwewe mwembamba kutoka kichwani hadi miguuni, akatabasamu.

Mambo ya vyuma hakuyaanza Joram. Ni Sidi mwenyewe. Jioni moja alikuja jimu kuleta ufunguo wa nyumba, akawakuta vijana wawili wakihangaika na chuma cha kilo themanini, mmoja akivuta, mwingine akimpigia kelele. Aliweka ufunguo juu ya benchi, akainama, akakiinua chuma toka sakafuni hadi kiunoni, akakirudisha chini polepole bila kukiangusha.

"Kumbe hivi ndivyo mnavyochoka?" akasema, akaondoka zake.

Kesho yake alirudi akiwa amevaa suruali ya mazoezi. Tangu hapo hakukosa siku. Aliacha kazi ya maziwa, akawa anamsaidia mumewe karakanani asubuhi na kufanya mazoezi alasiri. Mwili wake uliitika kama uliokuwa ukingoja kuitwa. Mwaka wa kwanza ulikaza, wa pili ukajaa, na wa tatu akapanda jukwaa kwa mara ya kwanza katika mashindano ya kutunisha misuli pale Kilifi, akashika nafasi ya kwanza kwa wanawake. Walikuwa wanawake wanne tu, lakini watu walisimama juu ya viti. Usiku ule Sidi alijitazama kwenye kioo cha kabati muda mrefu, akajigeuza ubavu, akajigeuza mgongo, akacheka peke yake kama mtoto aliyevishwa nguo ya sikukuu.

"Joram," akaita. "Njoo uone. Huyu ni mimi!"

Baada ya mashindano yale ndipo Dedan alipokuja. Alikuwa mtu wa bara aliyehamia Mombasa, mkufunzi wa watunisha misuli, mwenye shingo nene na sauti ya upole. Alimwomba Sidi asimame, akamzunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Wacha niwaambie ukweli," akasema. "Hii mwili iko na kitu. Lakini hapa ilipofika, chakula na vyuma peke yake haiwezi ivusha. Wale wa kulipwa, wale wanaitwa ng'ambo, hawakufika huko na mayai."

Alieleza habari za kadi. Huko Malindi, mwezi wa Desemba mwaka wa pili yake, kungekuwa na mashindano ambayo mshindi wake wa kike angepewa kadi ya kulipwa, akaruhusiwa kushindana popote duniani. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa chupa ndogo za dawa, akaziweka mezani kati ya vikombe vya chai. Zilikuwa homoni za kiume.

Sidi alimtazama Joram. "Una hakika?"

"Dedan ana hakika," Joram akajibu.

Sindano ya kwanza Joram ndiye aliyemdunga mkewe, Jumanne baada ya chakula cha mchana, kwa sababu Sidi hakuweza kufikia mahali penyewe. Aliisoma lebo ya chupa mara tatu kwanza. Ya pili hakuisoma. Baada ya miezi mitatu alikuwa akiifanya kazi ile huku akizungumza habari za wateja.

Na mwili ule ukavuka, kama alivyosema Dedan. Mabega yalipanda mpaka shingo ikaonekana fupi. Mapaja yakawa hayawezi kupita ndani ya nguo yoyote iliyoshonwa kwa ajili ya mwanamke. Mgongo, ule mgongo wa Mariakani, ukawa kitu ambacho Joram mwenyewe hakuwahi kukiona ila kwenye picha za mabingwa wa nchi za mbali. Aliupima kwa utepe kila Jumamosi na kuandika ukutani kwa chaki.

Mambo mengine hayakuandikwa ukutani. Hedhi ilikatika. Vinywele viliota kidevuni, na Sidi akawa anavinyoa kwa wembe wa Joram kabla hajatoka. Sauti ikashuka. Siku moja mamake alipiga simu, Sidi akapokea na kumwamkia, na mama akajibu, "Marahaba, Joram mwanangu. Hebu mpe Sidi simu." Sidi akampa Joram simu ile na kumwashiria amwambie mama kwamba Sidi ametoka.

Watu nao hawakunyamaza. Wakienda Watamu, madereva wa tuktuk walisimama kumpigia honi, na watalii walipanga foleni wapigwe picha naye, wengine wakiomba kumshika mkono kwa kidole kimoja kama wanaogusa jiko kujua kama lina moto. Mitandaoni walimwita malkia. Na hapo hapo, chini ya picha ile ile, wengine waliuliza kama ni mwanamke au ni kabati. Sokoni Kilifi wanawake walinyamaza alipopita, kisha wakacheka. Wanaume walimtania Joram: nyumbani kwenu nani anamwogopa mwenzake? Joram aliwajibu kwa majivuno. Moyoni alijua kwamba hata matusi yalimpendeza, kwa kuwa hata wenye kutukana walikuwa wamegeuza shingo.

Mara moja tu Sidi aliuliza jambo. Walikuwa wamekaa nje wakimenya mihogo.

"Nikiacha leo, nikarudi vile nilivyokuwa," akasema, "utanitazama?"

"Uache sasa, na Malindi ni miezi minne?" Joram akacheka. "Menya mihogo, mke wangu."

Ingawa mihogo yenyewe Sidi hakuwa akiila tena. Alikuwa akimmenyea yeye.

Wiki ya mwisho kabla ya mashindano, Dedan aliandika maagizo kwenye karatasi. Chumvi iondolewe. Apewe vidonge vya kutoa maji mwilini, asubuhi na jioni. Maji ya kunywa yapunguzwe kila siku, na siku ya mashindano yenyewe asipewe hata tone, ili ngozi ishikane na msuli na kila uzi wake uonekane. Joram aliibandika karatasi ile mlangoni na kuifuata kama dawa ya hospitali.

Mashindano yalifanyika alasiri, katika ukumbi mmoja wa Malindi uliokuwa na feni nne zinazozunguka bila kuleta upepo. Washindani walijitayarishia kwenye chumba cha nyuma chenye harufu ya mafuta na jasho. Sidi alisimama katikati akiwa na nguo yake ndogo ya jukwaani, mikono imeinuliwa pembeni, na Joram akampaka rangi ya kahawia iliyotakiwa ili taa zisimmeze: shingoni, kifuani, mgongoni, nyuma ya magoti. Alikuwa akipaka huku akistaajabu. Chini ya mkono wake hapakuwa na kitu kilicholegea. Tumbo lilikuwa limegawanyika vipande, na mishipa ilipita juu ya mapaja kama mizizi.

Msuli wa paja la kushoto ukamkaza ghafla. Sidi akauma meno, akamshika Joram begani mpaka ulipoachia. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Nipe maji," akasema. "Kidogo tu. Nisukutue, niteme."

Joram alikuwa na chupa ya maji ndani ya mkoba wake, ya kunywa yeye mwenyewe. Alitazama mlangoni. Dedan alikuwa amesimama pale, akatikisa kichwa. Joram akalitazama tena lile tumbo.

"Vumilia," akasema. "Ni nusu saa tu imebaki."

Sidi alimtazama. Hakuomba tena.

Alipopanda jukwaani hakuna aliyeweza kujua kwamba muda mfupi uliopita alikuwa akiuma meno kwa maumivu. Alitembea wima, akasimama mahali pake, akatabasamu. Wanawake saba walikuwa jukwaani, na baada ya mapozi mawili ya kwanza ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama mmoja. Majaji wakaamuru mgongo. Sidi aligeuka, akakunja ngumi kiunoni, akaufungua.

Kelele zilikatika. Kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili hivi, Joram alisikia feni. Kisha watu wakapasuka. Vijana walipiga viti, wanawake walipiga vigelegele, mtu mmoja akalia machozi kabisa. Nyuma ya Joram mzee mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Huu si mwili wa binadamu," na Joram hakuweza kujua kama alikuwa akisifu au akilaani, wala hakugeuka kumwuliza. Yeye mwenyewe alikuwa akilia. Hakuwa amewahi kuona kitu kizuri kuliko kile, na alikuwa ameshiriki kukitengeneza.

Sidi alitangazwa mshindi. Alivishwa utepe, akapewa kombe na ile kadi, akapunga mkono. Alipofika ngazi ya pili ya kushukia, magoti yalikataa. Kombe lilitangulia chini.

Hospitalini, daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyeandika bila kuinua uso. Alisema chumvi za mwili zimevurugika, moyo unapiga ovyo, na figo zimekaribia kusimama. Aliuliza dawa alizotumia, Joram akazitaja zote kwa majina na vipimo.

"Na maji? Nani alimzuia maji?"

"Mimi."

Hapo ndipo daktari alipoinua uso. Kisha akaendelea kuandika.

Sidi alilala pale siku kumi na moja. Dedan alikuja siku ya tatu na mfuko wa machungwa. Alikuwa na huzuni ya kweli, lakini maneno yake yalikuwa yale yale. "Wengine sita walifanya hivyo hivyo, Joram, na walitoka wakitembea. Ni bahati mbaya." Joram alitaka kumchukia akashindwa, kwa sababu kila alichokifanya Dedan kwa maneno, yeye alikifanya kwa mikono.

Mama alifika kutoka Kaloleni na kikapu. Joram alimwamkia shikamoo, akamsogezea kiti. Mama aliitikia, asikae. Alifunua shuka, akamtazama bintiye aliyelala, ile rangi ya kahawia ikiwa bado imeganda kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya masikio. Akaomba beseni na kitambaa. Alimwosha kiungo baada ya kiungo, bila haraka, na maji ya beseni yakageuka rangi ya chai. Alipomaliza ndipo alipomsemesha mkwewe.

"Nilikupa mwanamke aliyekuwa ametosha, mwanangu."

Joram alilichukua beseni, akaenda kumwaga maji.

Waliporudi Mtondia, Joram alikuwa mtu mwingine, au hivyo ndivyo alivyojiona. Alitia kufuli jimu. Vipimo vya chaki alivifuta kwa kitambaa chenye maji. Picha za Sidi jukwaani alizitoa ukutani moja moja na kuzifunga ndani ya gunia. Akaanza kwenda kanisani hata siku za katikati ya wiki, na mtu akitaja mashindano ya misuli, alimkatiza kwa maneno makali kuliko ya wale waliokuwa wakimtania zamani. Ni upumbavu, alisema. Ni kumkosoa Muumba kazi yake.

Sidi aliyasikia haya akiwa kitandani. Dawa zilikuwa zimekatwa zote, na mwili ukaanza kuondoka. Uliondoka vibaya. Mabega yalishuka kwanza, kisha mapaja, na ngozi iliyokuwa imenyooshwa ikabaki ikining'inia chini ya mikono. Wale waliomwita malkia waliacha kuandika, isipokuwa wachache walioandika kwamba amekwisha. Wale wa kabati waliandika kwamba wao walikwisha kusema. Asubuhi moja Joram alimkuta amesimama mbele ya kioo, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Afadhali hivi," Joram akamwambia, akamfunika kanga mabegani. "Mbona sasa unapendeza zaidi?"

Sidi aliitoa kanga ile, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kitanda.

Kanisani kwao, Mchungaji Chengo alikuwa mtu mwema na mwepesi wa kuguswa. Alimwita Joram pembeni, akamwambia kuna vijana wengi wanaotamani miili ile, na ushuhuda wa Sidi ungeokoa roho na figo. Joram alikubali papo hapo. Nyumbani alimwarifu mkewe kama anayemwarifu siku ya kwenda kliniki: Jumapili ijayo, baada ya nyimbo. Sidi aliuliza tu kama kutakuwa na kiti, maana alikuwa bado hawezi kusimama muda mrefu.

Jumapili ile kanisa lilijaa. Mchungaji alisema dada yetu alikuwa amelibomoa hekalu la Bwana kwa ajili ya makofi ya dunia, na leo amerudi kukiri. Sidi alikataa kiti alicholetewa, akasimama akishika ukingo wa meza. Kipaza sauti hakukihitaji. Ile sauti nzito ilifika mpaka mlangoni, na watoto wa mbele wakatazamana.

"Nimeambiwa niseme nimetubu," alianza. "Zile sindano nimezitubia. Sitazigusa tena. Msichana yeyote anayezifikiria na aje nyumbani, nitamwonyesha mwilini mwangu zilipopita. Lakini mnataka nisimame hapa niulaani mwili ule, na mimi siwezi. Nilianza kuufanyia kazi kabla sijaijua sindano. Ulikuwa mzuri. Nilikuwa nikijitazama nikimshukuru Mungu huyu huyu tunayemwomba hapa."

Mtu alikohoa. Mchungaji Chengo alikuwa amefumba macho.

"Wako walionishangilia, wako walionicheka. Baadhi yenu mmo humu. Sina kinyongo. Ila wote mlikuwa mnatazama, mnatazama, na katika watu wote wale hakuna aliyeniuliza kama nimekunywa maji."

Alirudi kwenye benchi akaketi. Hakuna aliyeitikia amina. Mwishowe mchungaji alianzisha wimbo, na watu wakaudaka kwa haraka.

Walirudi nyumbani kwa miguu, polepole, Sidi akipumzika kila baada ya hatua chache. Jua lilikuwa kali na njia ya mchanga mweupe ilikuwa tupu. Walipokwisha kupita nyumba za mwisho, maneno yakamtoka Joram.

"Umeniaibisha mbele za watu."

"Nani alikwambia uahidi kwa niaba yangu?"

"Nilitaka watu wajue tumegeuka. Nilitaka..."

"Ulitaka," Sidi akasema. Alisimama. "Ulinitaka mkubwa, nikawa mkubwa. Sasa unanitaka mdogo, na nione haya kwamba nilikuwa mkubwa. Mimi umeniuliza lini? Hata picha zangu umezitia guniani kama za marehemu."

"Ungekufa, Sidi!"

"Ningekufa, ndiyo. Na wewe ulikuwa na maji kwenye mkoba. Niliiona chupa."

Joram alikuwa ameishi miezi miwili akitumaini kwamba hakuiona. Aliketi pale pale kando ya njia, juu ya jiwe.

"Nilikuwa nalitazama tumbo lako," akasema. Ilikuwa vigumu kuyatoa maneno yale, lakini hakuwa na mengine. "Lilikuwa limekaa vizuri mno. Niliogopa litaharibika."

"Najua," Sidi akasema. "Na mimi nilikuwa nalitazama. Ndiyo maana sikuomba mara ya pili." Alipangusa jasho kwa ncha ya leso. "Lakini mimi nilikuwa na kiu, Joram. Wewe hukuwa na kiu."

Wiki hiyo hiyo Sidi alikwenda kwa mamake. Hakusema anaachika, wala hakusema atarudi lini. Ulikuwa msimu wa kupanda. Joram akawa anapanda kwenda Kaloleni kila Jumamosi. Majuma ya kwanza aliwekewa kigoda nje, akaletewa chakula na mtoto wa jirani, akarudi zake bila kuzungumza na mkewe zaidi ya salamu. Juma la nne aliomba jembe. Mama alimpa lililokuwa butu. Alilima mistari miwili yenye kupinda, na Sidi, aliyekuwa akipalilia upande wa pili, akamwambia bila kuinua kichwa kwamba mahindi hayajali, yataota hata hapo.

Mahindi yalipokomaa alirudi Mtondia. Hedhi ilikuwa imerudi, kwa kusuasua. Daktari alisema moyo umetulia na mazoezi mepesi anaweza. Sauti ilibaki vile ilivyokuwa, na daktari hakumficha kwamba haitapanda tena. Habari ya mtoto hakuna aliyeitaja kati yao, na Joram alikuwa amejifunza kungoja.

Sidi alifungua kufuli la jimu mwenyewe, akafagia kinyesi cha popo na vumbi, akatundika picha tatu kati ya zile zilizokuwa guniani. Akaanza upya, kwa vyuma ambavyo zamani alikuwa akivitumia kupasha mwili moto. Baada ya muda alimwambia Joram analotaka.

"Nataka kupanda jukwaani tena. Mara moja. Na mwili huu huu unaokula ugali."

"Naogopa," Joram akasema.

"Ogopa. Lakini usinizuie, na usinisukume."

Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kupewa. Mara nyingi alikuwa karakanani akichomelea mageti huku akisikia vyuma vinagongana nyuma ya ukuta, na akajizuia kwenda kutazama. Akiitwa, alikwenda. Akiulizwa, alijibu. Akimaliza kujibu, alirudi kwenye mageti yake. Wasichana wawili wa kanisani walikuja kumwona Sidi, mmoja akabaki kufanya mazoezi.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye Sidi alishindana Mombasa. Joram alilipa kiingilio kama watu wengine, akaketi kwenye kiti cha plastiki safu ya saba. Wanawake walikuwa sita. Wanne kati yao walikuwa na yale mabega ambayo jicho la Joram lilijua yametoka wapi, na ukumbi uliwashangilia, na Joram alijikuta akiwatazama kwa tamaa ile ile ya zamani na kwa hofu mpya iliyomfanya ashike magoti yake. Sidi alitoka wa mwisho. Alikuwa na nguvu, alikuwa amekaza, na mbele ya wale wengine alionekana mwembamba. Kijana mmoja akapaza sauti kwamba huyu wakati wake umepita. Wachache walipiga makofi ya heshima. Alifanya mapozi yake yote, moja baada ya jingine, bila kuharakisha, na alipogeuka kuonyesha mgongo alikawia kidogo kuliko ilivyoruhusiwa, mpaka jaji mmoja akagonga meza.

Alikuwa wa tano.

Alimkuta Joram nje, penye mwanga wa jioni, karibu na muuza madafu. Alikuwa amevaa dera juu ya rangi na mafuta, uso unang'aa kwa jasho, anahema.

"Haya, fundi," akasema. "Umeonaje?"

Joram alifikiri amwambie kwamba amependeza. Ilikuwa kweli, lakini halikuwa jibu la aliloulizwa.

"Pozi la tatu," akasema, "mguu wa kushoto ulitangulia. Na kidevu ulikiinua mno, kivuli kikaangukia bega."

Sidi aliangua kicheko kwa ile sauti yake nzito, mpaka muuza madafu akageuka.

"Nilijua," akasema. "Nilipokiinua tu, nikajua utaona."